Je, Motokaa Iliyotengenezwa Upya ni Ile Ile?



Mtu ana jembe la babu yake. Mpini wa kwanza ulivunjika, akatia wa pili. Wa pili ukaliwa na mchwa, akatia wa tatu. Mwisho jembe lenyewe likaisha kwa kulima, akaenda kwa mhunzi akafuliwa jingine. Hata leo akilitwaa kwenda shambani husema, "Hili ni jembe la babu yangu." Je, asema kweli?

Watoto wakisikia swali hili hucheka, bali wazee hunyamaza na kufikiri. Laonekana kuwa mchezo, walakini ndani yake mna maswali mawili makubwa. La kwanza: kitu hukaa kuwa kile kile kwa sababu gani? La pili: mtu akitengeneza kitu cha kale, ana wajibu gani wa kusema kweli juu ya kazi ya mikono yake? Mwezi huu nataka tuyatazame maswali haya kwa njia ya kazi moja ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, yaani kazi ya watu wa Uingereza wanaotengeneza motokaa za zamani katika mabanda ya nyumbani kwao.

Wengi wao hawakujifunza ufundi. Huyu ni karani, yule ni mwalimu, mwingine ni mwuguzi, na wengine ni wazee waliokwisha kuacha kazi. Jioni, au siku ya Jumamosi, huvaa nguo zilizochakaa wakaingia katika banda lililo kando ya nyumba, ambalo kwa kawaida latosha motokaa moja tu na meza yenye jiliwa. Ukutani zimetundikwa spana, nyundo, tupa na misumeno. Chini, katika makopo na masanduku, mna vipande vya motokaa iliyofunguliwa yote, kila kipande na karatasi yake yenye jina. Miezi ya baridi mikono hufa ganzi kwa kushika chuma. Hapana anayewalipa. Motokaa moja huweza kuchukua miaka mitatu, au mitano, au kumi. Na wengine hufa kabla ya kuimaliza, akaja mtu mwingine akainunua ikiwa ndani ya masanduku, akaendelea pale alipoachia yule marehemu.

Motokaa mojawapo wanayoipenda sana ni ndogo, nayo yaitwa Austin Seven. Mwaka 1921 kampuni ya Bwana Herbert Austin, yenye kiwanda chake Longbridge karibu na mji wa Birmingham, ilikuwa katika shida kubwa ya fedha. Bwana Austin alitaka kuunda motokaa itakayoweza kununuliwa na mtu asiye tajiri, yule ambaye mpaka siku zile alipanda pikipiki yenye kigari cha pembeni, yeye na mkewe na mtoto, wakanyeshewa na mvua pamoja. Wakuu wenzake hawakulikubali shauri lake. Basi alimtwaa kijana mmoja mchoraji wa mitambo, Stanley Edge, mwenye umri wa miaka 18 tu, wakaichora motokaa hiyo nyumbani kwake Bwana Austin, katika chumba cha kuchezea biliadi. Kwa hiyo motokaa hii ilizaliwa nyumbani, na labda ndiyo maana mpaka leo yakubali kutengenezwa nyumbani.

Ilitolewa mwaka 1922, na hata mwaka 1939 zilikuwa zimeundwa kama 290,000. Ilikuwa na silinda nne, tena ilikuwa na breki katika magurudumu yote manne, jambo ambalo siku zile hata motokaa nyingi za bei kubwa hazikuwa nalo. Injini yake ni ndogo hata watu wawili huweza kuiinua na kuiweka mezani. Wajerumani nao walipata ruhusa ya kuiunda katika mji wa Eisenach, wakaiita Dixi; na kampuni ya BMW ilipokinunua kiwanda kile mwaka 1928, motokaa hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa motokaa za BMW.

Sasa tuingie bandani tuone kazi yenyewe. Huanza kwa kufungua, na kufungua humfundisha mtu subira kabla ya jambo lo lote. Nati iliyokaa miaka 90 katika kutu haitoki kwa nguvu. Mwenye haraka huchukua spana ndefu akavuta kwa nguvu zake zote, na bolti hukatika. Dakika moja ya hasira humgharimu siku nzima ya kutoboa kipande kilichobaki ndani. Mwenye busara hutia mafuta mepesi leo, akaacha. Kesho hutia tena, akagonga kidogo. Keshokutwa hupasha moto, akangoja. Na siku ya nne nati huzunguka kama kwamba haikuwa na ukaidi wo wote. Haraka haraka haina baraka: mithali hii twaisema kila siku, lakini mtu wa bandani huijua kwa vidole vyake.

Baada ya kufungua huja kutazama. Katika motokaa nyingi za kale umbo la nje lilifungwa juu ya mifupa ya mti. Waingereza walitumia sana mti uitwao ash, mgumu tena wenye kunyumbuka. Bati la nje huonekana zima, walakini mti wa ndani, hasa chini ya milango ambako maji ya mvua hukaa, umekwisha kuwa unga. Fundi hautupi mti ule uliooza. Huulaza juu ya mti mpya, akafuata ukingo wake kwa kalamu, ndipo akakata. Hivyo kipande kilichokufa hukifundisha kipande kipya umbo lake.

Kisha injini. Ndani yake mna chuma chenye viwiko, kiitwacho krankishafti, ambacho hugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Katika Austin Seven za miaka ya kwanza chuma hiki kilishikwa mahali pawili tu, mbele na nyuma, na katikati hakikuwa na egemeo. Kwa hiyo hupindika kidogo kikizunguka kwa nguvu, na baada ya miaka mingi huingia nyufa zisizoonekana kwa macho. Ukikisugua hung'aa kama kipya. Lakini iko njia ya kukijaribu: hutiwa nguvu ya sumaku, kikamwagiwa mafuta yenye unga wa chuma, na unga ule hukusanyika penye ufa ukafanya mstari mwembamba kama uzi.

Hapo ndipo mtu mwenyewe hujaribiwa kuliko chuma. Maana krankishafti nyingine ni ghali, na kazi ya kuipata na kuitia huweza kumchelewesha mwaka mzima. Yuko peke yake bandani. Akikirudisha chuma kile chenye ufa na kufunga injini juu yake, hapana atakayejua. Motokaa itawaka, itapendeza, itapigwa picha. Atajua yeye tu, mpaka siku ile chuma kitakapokatika barabarani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Msomaji mmoja aweza kuniuliza, "Je, kazi hii yote si upuzi? Mtu mzima hutumia miaka mitano na fedha nyingi kwa motokaa isiyokwenda mbio, isiyobeba mzigo, na ambayo breki zake ni dhaifu?" Swali hili ni la haki, nami sitalipita kando.

Iko hatari ndani ya kazi hiyo. Mtu huweza kukipenda chuma kuliko watu wa nyumbani mwake. Mke hula peke yake, watoto hukua wakimjua baba kwa sauti ya nyundo kutoka bandani, na fedha ya mahitaji hununua taa za shaba. Mtu wa namna hiyo hata akiimaliza motokaa yake, amejenga kimoja na kubomoa kingine kilicho bora. Tena wengine hutengeneza ili wasifiwe tu, au ili wauze kwa faida kubwa.

Lakini matumizi mabaya ya kitu si hoja ya kukikataa. Nimetafuta faida ya kazi hii, nami naona ni hii: yamfundisha mtu kuheshimu kazi ya watu asiowajua. Afunguapo kiungo cha mti kilichokatwa mwaka 1928 na seremala wa kiwandani, ambaye jina lake halikuandikwa po pote, huona alama ya patasi yake. Huona pale alipokata sawasawa na pale alipokosea akarekebisha. Seremala yule amekufa zamani, walakini kazi yake yasema. Mtu aliyezoea kununua na kutupa hupata hapo elimu ambayo dukani hapati, kwamba kila kitu kilichomo mikononi mwetu kilitoka katika mikono ya mtu. Tena mara nyingi kazi hii huwaleta pamoja baba na binti, au jirani kijana na jirani mzee, wakashika taa na spana kwa zamu. Na mzee asiyeweza tena kuinua kitu huweza bado kueleza jinsi vali inavyopimwa.

Basi turudi kwa swali la jembe. Motokaa ikiisha kutiwa mti mpya, bati jipya, pistoni mpya, waya mpya na rangi mpya, je, ni ile ile?

Swali hili ni la kale sana. Plutarko, mwandishi wa Kiyunani, asimulia kwamba watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus. Kila ubao ulipooza waliutoa wakatia mpya wenye nguvu, mpaka wenye hekima wakabishana, wengine wakisema ni merikebu ile ile, wengine wakisema siyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza jambo la kuzidisha fumbo: je, kama mtu mmoja angaliziokota zile mbao kuukuu moja moja, akaziunganisha tena kwa taratibu yake ya kwanza, sasa zingekuwa merikebu mbili, na ipi ingekuwa ya Theseus?

Katika motokaa jambo hili si hadithi ya wenye hekima tu. Huweza kutokea kwamba fremu ya motokaa moja yenye namba yake ilinunuliwa na mtu huyu, na injini na umbo lake vikanunuliwa na mtu yule. Kila mmoja akajaza pengo lake kwa vipande vipya, na sasa ziko motokaa mbili, na wenyewe wawili, kila mmoja akisema, "Yangu ndiyo."

Neno hili lilifika hata mahakamani. Iko motokaa ya kampuni ya Bentley iitwayo Old Number One, yaani Namba Moja ya Kale. Ilishinda katika shindano la saa 24 la Le Mans, nchi ya Ufaransa, mwaka 1929, ikashinda tena mwaka 1930. Baada ya hapo ilibadilishwa mara kwa mara kwa ajili ya mashindano mengine. Mwaka 1932, katika uwanja wa Brooklands, ilivuka ukingo wa njia, na dereva wake Clive Dunfee akafa. Ikatengenezwa tena, ikavikwa umbo jingine kabisa. Miaka mingi ikapita, na mwenyewe akapatana na kampuni moja kuiuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Ndipo wanunuzi wakakataa, wakisema, "Hii siyo ile iliyoshinda, maana vipande vyake vya siku zile karibu vyote havipo."

Kesi ilihukumiwa mjini London mwaka 1990 na Jaji Otton. Alichunguza habari za motokaa ile mwaka kwa mwaka, akaona kwamba ni kweli, vitu vilivyosalia vya 1929 na 1930 ni vichache mno. Kwa hiyo hakukubali iitwe motokaa katika hali yake ya asili. Lakini aliona tena ya kuwa haikupata kukoma kuwapo. Haikuharibiwa ikatoweka, kisha mtu akaunda nyingine kwa mfano wake. Kila badiliko lilifanyika juu ya kile kilichokuwapo jana yake, na maisha yake yakaendelea bila kukatika. Basi akahukumu kwamba ni halali kuitwa Old Number One, na wanunuzi wakafungwa na mapatano yao.

Mimi naona hukumu hii ina hekima. Yatuonyesha kwamba chuma chenyewe si kitu pekee kinachofanya kitu kiwe kile kile. Mto ni ule ule ingawa maji ya jana yamekwisha kufika baharini. Nyumba ya makuti huezekwa upya kila baada ya miaka michache, lakini twaiita nyumba ya fulani. Kinachoiunganisha motokaa ya leo na ile ya 1929 ni habari zake zisizokatika: hiki kilitoka, kikaingia kile, kwa sababu hii, katika mwaka huu.

Lakini angalieni matokeo yake, ndugu zangu. Kama kitu hukaa kuwa kile kile kwa sababu ya habari zake, basi mtu anayezipotosha habari zake hukiharibu kitu chenyewe, hata kama hakukigusa kwa nyundo. Mtu aweza kutoa nusu ya chuma chote cha motokaa, akaeleza wazi, na motokaa ikabaki ile ile. Mwingine aweza kubadilisha sahani moja ndogo yenye namba, akanyamaza, akaifanya motokaa nzima kuwa uongo. Kutia kipya hakumtii fundi hatiani. Hatia huanza pale afichapo.

Na njia za kuficha ni nyingi. Iko dawa nzito kama ugali mwororo, ambayo hupakwa penye tundu la kutu, ikakauka ikawa ngumu, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Kuitumia kidogo kusawazisha bati lililolehemiwa vema si dhambi. Lakini wako wanaoijaza juu ya kutu yenyewe, na kutu haifi kwa kufunikwa. Huendelea kula gizani. Baada ya miaka miwili rangi hufura kama jipu. Kazi ya kweli ni kukata mpaka kwenye chuma kizima, kisha kulehemu bati jipya hapo, ingawa tundu lililokuwa la ukubwa wa kidole sasa limekuwa la ukubwa wa sahani. Aogopaye kukata hataponya.

Tena iko Austin Seven ya mashindano iliyoitwa Ulster, iliyoundwa kwa uchache mwanzoni mwa miaka ya 1930, nayo bei yake leo ni kubwa. Mafundi wa nyumbani wameunda nakala zake nyingi juu ya fremu za Austin Seven za kawaida, na nyingine ni nzuri mno. Aliyeunda nakala na kusema, "Hii ni nakala, nimeiunda mimi," amefanya kazi ya kupendeza wala hakumdhulumu mtu. Lakini motokaa huishi kuliko fundi wake. Yeye akifa, mjane atauza, na mnunuzi ataisifu kuliko ilivyo. Naye wa tatu atakula hasara. Kwa hiyo haitoshi kutosema uongo. Yampasa mtu aandike kweli, ili kweli isife pamoja naye.

Jambo hili limefikiriwa na wengi. Shirikisho la dunia la vyama vya magari ya kale, liitwalo FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilitunga Mkataba wa Torino, ambao ulikubaliwa mwaka 2012 na kuthibitishwa mwaka 2013. Mkataba huo wasema kwa jumla kwamba ni bora kuhifadhi kuliko kufanya upya. Kwamba alama za umri na za matumizi zina thamani. Kwamba kazi yote iandikwe. Na kwamba vipande vilivyotiwa badala ya vya kwanza viwekewe alama ya kudumu ili vitambulikane. Hauna nguvu ya kumfunga mtu gerezani. Huagiza tu, na mtu wa bandani hutii au hukataa akiwa peke yake. Lakini ni neno jema, kwa kuwa latoa kipimo.

Liko swali moja gumu zaidi, nalo huwasumbua hata watu waaminifu. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Uingereza wasio na fedha walinunua Austin Seven kuukuu kwa bei ndogo, wakang'oa umbo lake na kulitupa, wakaunda juu ya fremu motokaa zao za kushindana. Colin Chapman, aliyeianzisha kampuni ya Lotus, aliunda motokaa yake ya kwanza mwaka 1948 kwa njia hiyo hiyo. Sasa fundi wa leo apata motokaa ya namna hiyo, yenye umbo lililogongwa nyumbani na kijana asiyejulikana, limepinda kidogo upande wa kushoto. Je, alitupe, aunde upya umbo la kiwandani la mwaka 1930? Au aliache? Nani mwenye haki zaidi, kiwanda au kijana yule?

Wako wanaosema turudishe mwanzo, kwa kuwa mwanzo ndio ulio kweli. Mimi nasita. Kurudisha mwanzo huweza kuwa namna nyingine ya kusema uongo, kana kwamba miaka 70 haikupita, kana kwamba kijana yule hakuishi wala hakushika nyundo usiku katika banda kama hili. Bati lililoshonwa na mhunzi wa kijijini wakati wa vita, vipande vilipokuwa havipatikani, ni sehemu ya habari za motokaa kama ilivyo kazi ya kiwanda. Kovu si uchafu.

Lakini sisemi kila kovu liachwe. Vitambaa vya breki vya siku zile vilifanywa kwa asbesto, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu. Hapo mapenzi ya vitu vya kale yamefika mwisho, na mwenye akili hutia vingine visivyo na sumu. Fremu yenye ufa haiachwi kwa heshima ya historia, maana katika kiti cha nyuma atakaa mtoto. Basi kanuni yangu ni hii: lenye hatari lirekebishwe bila kusita, na liandikwe, lisilo na hatari lisifutwe kwa ajili ya fahari tu. Uhai wa mtu wapita historia, na historia yapita uzuri wa rangi.

Sasa mtasema, "Sisi hatuna Austin Seven." Ni kweli, lakini tuna vitu vya kale vinavyotengenezwa upya mikononi mwetu. Mwalimu wa mtaa huona kitabu cha ubatizo kimeliwa na mchwa, akakinakili katika kitabu kipya. Kazi njema! Lakini penye jina lililoliwa afanyeje? Akikisia jina na kuliandika kama kwamba amelisoma, ukurasa utapendeza, na uongo wake utaishi miaka mia; siku moja utamnyima mtu haki yake au utampa asiyo yake. Akiacha nafasi wazi na kuandika, "Hapa paliliwa," ukurasa utakuwa na doa, walakini utakuwa wa kweli. Na mwanzoni mwa kitabu aandike, "Nakala hii nimeiandika mimi fulani, mwaka fulani, kutoka kitabu cha zamani," wala asikitupe kile cha zamani.

Tena wako ndugu waliogombana, wakapatana. Je, undugu wao baada ya mapatano ni ule ule? Wengine husema, "Tusahau, tufanye kama halikutokea." Huo ni ule ugali mwororo juu ya kutu, baada ya miaka miwili hufura. Wengine hukubali kukata mpaka penye chuma kizima: hutaja lililotendeka, hukiri aliyekosa, hulipa kilicholipika, kisha huunga. Undugu huo una alama ya kulehemu, na aujuaye huiona. Mimi nasema ni undugu ule ule, kwa kuwa haukukatika ukaanzishwa mwingine. Na alama ile si aibu yake, bali ni habari yake.

Basi yule mwenye jembe, tumjibu nini? Tumwambie, "Waweza kuliita jembe la babu, wala si uongo, kwa kuwa toka mkono wa babu mpaka mkono wako halikupata kulala bila mwenyewe." Lakini mtoto wake akimwuliza, amjibu yote: "Mpini huu ni wa tatu, niliukata mimi. Na chuma hiki kilifuliwa na mhunzi, cha kwanza kilipoisha katika shamba hili hili." Akisema hivyo, amemkabidhi mtoto jembe lenyewe pamoja na kweli yake. Naye mtoto, siku atakapotia mpini wa nne, atajua la kusema.